Uhusiano mwema si kazi ya ulimi: funzo kutoka Webuye

Miongoni mwa taaluma zinazowavutia mno vijana wetu wanaojiunga na vyuo siku hizi ni ile ya uhusiano mwema. Kijana kutoka Bungoma, Kitale au Kakamega anapojaza fomu ya kuomba nafasi ya kusomea mawasiliano, aghalabu huwa na picha moja akilini mwake: afisa aliyevaa suti nadhifu, amesimama mbele ya vipaza sauti, anamimina Kiingereza cha mtiririko na kuikinga kampuni yake dhidi ya maswali ya wanahabari. Walimu nao, kwa nia njema kabisa, humpigia mbiu mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi wakimwambia kuwa kazi hiyo amezaliwa nayo.

Mtazamo huo nauona kuwa na upungufu mkubwa, na upungufu wenyewe una gharama. Ufasaha wa kusema ni chombo kimoja tu katika mkoba wa afisa wa uhusiano mwema. Msingi wa kazi yake ni mahusiano yenyewe: na wafanyakazi, na majirani, na wakulima, na viongozi wa mitaa, na wanahabari, na wateja. Mahusiano hayo hujengwa polepole, wakati wa neema, ili yapate kutumika wakati wa dhiki. Kampuni isiyokuwa nayo huweza kuajiri msemaji bingwa kuliko wote nchini na bado ikakosa mtu wa kuliamini neno lake.

Kulithibitisha hilo hatuna haja ya kusafiri mbali. Twende Webuye, mji ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Malaba, pale inapochepuka njia ya Kitale. Wazungu waliuita Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya Mto Nzoia ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Juu yake kuna mlima wa Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza na kushindwa kwa mtutu wa bunduki. Naitaja historia hiyo kwa sababu jamii huwa haisahau namna mgeni alivyoingia. Mwenye mradi anayefika Webuye leo akidhani kuwa anaanza na ukurasa mtupu hajafanya utafiti wake.

Mnamo mwaka 1970 serikali ya Kenya, shirika la fedha la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, yaani IFC, na kampuni ya Orient Paper Mills ya kundi la Birla kutoka India, zilishirikiana kuanzisha kiwanda cha Pan African Paper Mills, ambacho wengi wetu tulikijua kwa jina la Panpaper. Uzalishaji ulianza mwaka 1974. Sababu za kukiweka pale zilikuwa bayana: maji tele ya Nzoia, reli inayoelekea Uganda, na misitu ya kupandwa ya Turbo na maeneo jirani. Kwa miaka mingi, karatasi ya magazeti na ya vitabu vya shule ilitoka katika mitambo hiyo. Kila mwalimu aliyefundisha katika miaka ya 1980 na 1990 aliwahi kuishika kazi ya mikono ya watu wa Webuye, ingawa huenda hakujua.

Kiwanda kiliujenga mji. Watu walitoka kila pembe kutafuta ajira, nyumba za kupanga zikaota, maduka yakafunguliwa, madereva wa malori ya magogo wakala na kulala pale. Lakini pamoja na mishahara, kiwanda kilileta harufu. Njia ya kuchemsha vipande vya mbao kwa magadi makali na chumvi za salfa ili kupata rojo la karatasi hutoa gesi zenye uvundo wa mayai viza. Msafiri aliyesinzia ndani ya basi aliamshwa na harufu hiyo akajua kuwa amefika Webuye. Wakazi walilalamika kwa miaka kwamba mabati ya nyumba zao yaliliwa na kutu kabla ya wakati wake, kwamba vifua vinabana, na kwamba majitaka yanayotiririshwa mtoni yanawaumiza watu wa chini wanaoyategemea maji ya Nzoia hadi yanakomwagika katika Ziwa Victoria.

Je, kiwanda hakikuwa na uhusiano wowote na jirani zake? Kilikuwa nao. Kilitoa ajira, kililipa kodi, na timu yake ya kandanda iliwahi kucheza katika ligi kuu ya nchi na kuwapa vijana wa Webuye fahari ya kutajwa redioni. Wala sisemi kuwa mambo hayo ni madogo. Hata hivyo, kutoa ni jambo moja na kusikiliza ni jambo jingine. Baba anayemnunulia mwanawe viatu kila Krismasi lakini hamuulizi hata mara moja kwa nini analia usiku hawezi kujisifu kuwa anamjua mtoto wake. Mwenye bati lililotoboka huishangilia timu Jumapili alasiri, kisha hurudi nyumbani akatandaza sufuria sakafuni kukinga matone ya mvua. Mabao hayazibi paa. Alichohitaji mwenye bati ni mtu mmoja ndani ya lango ambaye angemjua kwa jina, angeliandika lalamiko lake, na angerudi kumpa jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba jambo hilo litachukua muda.

Ndani ya suala hili kuna lile la misitu. Mwaka 1999 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, makampuni matatu makubwa yaliachwa nje ya marufuku hayo: Panpaper, Raiply na Timsales. Kiuchumi, hoja za kuwaondolea marufuku ziliweza kutetewa, kwa kuwa tanuri kubwa haliwezi kuzimwa kama taa. Lakini mwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao, aliyefungiwa riziki yake huku akiyaona malori ya mwingine yakipita yamejaa magogo, alisoma ujumbe wa namna nyingine. Kampuni ilikuwa na uhusiano mzuri na wakubwa, na huo ndio uliomkera. Hapa ndipo penye fundisho la kwanza: mahusiano yanayoegemea upande mmoja tu, ule wa juu, huzalisha chuki upande wa chini.

Kiwanda kilisimama mwaka 2009 kikiwa kimezama katika madeni, yakiwemo ya umeme na ya mabenki. Juhudi za kukifufua zilifanywa, kikaamka na kulala tena. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kundi la Rai, na Desemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alifika Webuye kukizindua upya.

Atatokea msomaji aniulize: Je, afisa wa uhusiano mwema angeweza kulipa deni la umeme? Swali hilo ni la haki na jibu langu ni la. Gharama za mafuta na umeme, mitambo iliyochakaa, ushindani wa karatasi kutoka ng'ambo, na usimamizi wa fedha ni mambo ambayo urafiki wa mtaani hauwezi kuyatatua. Mwanafunzi asidanganywe kuwa uhusiano mwema ni dawa ya kila ugonjwa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, lakini kina uzito. Kampuni inapotikisika, huhitaji watu wa kuivumilia: mfanyakazi akubali kungoja mshahara kwa juma moja, msambazaji asikimbilie mahakamani, mwakilishi wa wadi aseme neno la utulivu, mwanahabari ampigie simu mhusika kabla ya kuichapisha tetesi. Uvumilivu huo haununuliwi siku ya msiba. Ni akiba, na akiba huwekwa na aliyetangulia kuweka. Wahenga walisema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ila hawakusema kuwa rafiki huyo hupatikana siku ya dhiki.

Historia ya taaluma hii yenyewe inatuunga mkono. Mmarekani Ivy Lee, ambaye huhesabiwa miongoni mwa waasisi wake, alitangaza mwaka 1906 kuwa atawapa waandishi habari zilizo wazi na za kweli. Miaka minane baadaye, Aprili 1914, watu wapatao 20, wakiwemo wanawake na watoto, waliuawa huko Ludlow, Colorado, katika mgomo wa wachimba makaa wa kampuni ya familia ya Rockefeller. Lee aliajiriwa kuisafisha familia hiyo. Alichapisha vijarida vya kuitetea kampuni, na baadhi ya mambo yaliyokuwamo yakabainika kuwa si ya kweli. Badala ya kuizima hasira, vijarida vikaichochea. Kilichosaidia kidogo kilikuja mwaka 1915, John D. Rockefeller mdogo alipokwenda mwenyewe migodini, akala na wachimbaji, akaingia nyumbani mwao na kuwasikiliza. Hata hivyo chama cha wafanyakazi walichokipigania hakikutambuliwa, na kwa hiyo jeraha halikupona. Mwanafunzi ayatafakari mambo hayo mawili kwa pamoja: kutembeleana kunashinda kuandikiana, lakini kutembeleana bila kurekebisha kosa nako kuna mwisho wake.

Wataalamu wa baadaye waliliweka jambo hili katika nadharia. Mnamo 1984 James Grunig na Todd Hunt walieleza namna nne za kuifanya kazi hii, kuanzia ile ya kupiga tarumbeta tu hadi ile ambayo habari hupita pande zote mbili, na shirika nalo huwa tayari kubadilika kutokana na linayoyasikia. Mwaka huohuo Mary Ann Ferguson alipendekeza kwamba kinachopaswa kuchunguzwa na wasomi wa fani hii ni mahusiano yenyewe kati ya shirika na watu wake, kabla ya matangazo na vijarida. Hapa Kenya, chama cha wataalamu wa uhusiano mwema kiliundwa mwaka 1971, kwa hivyo hatuwezi kujitetea kuwa fani hii ni ngeni kwetu.

Wala si lazima tuazime kila kitu kutoka ng'ambo. Wabukusu wana desturi ya kumuse, hotuba ndefu inayotolewa hadharani baada ya maziko ya mzee mwenye heshima. Msemaji wake, kama alivyokuwa marehemu Manguliechi aliyevuma kote Bungoma na Trans Nzoia, huzunguka mbele ya umati akisimulia asili ya koo, akiwafariji wafiwa, akiwaonya wagomvi na kuwakemea wakubwa pale wanapostahili kukemewa. Watu humsikiliza kutwa nzima juani. Kwa nini? Sauti yake ni nzuri, kweli. Lakini nguvu yake inatokana na kuwa anazijua koo moja baada ya nyingine, anajua nani alimwoa nani, ugomvi gani ulianzia wapi, na anaaminiwa kuwa hatasema uongo ili kumfurahisha mwenye matanga. Ufasaha wake umeota juu ya ujuzi wa watu. Ukimtoa msemaji huyo ukamweka mgeni mwenye sauti tamu kuliko yake, umati utatawanyika kabla ya adhuhuri.

Yanibidi hapa nitoe tahadhari, kwa kuwa katika nchi yetu neno mahusiano limechafuliwa. Kijana akiambiwa ajenge mahusiano, husikia kuwa atafute mjomba ofisini, ampelekee chifu kuku, au amtilie mwanahabari bahasha mfukoni. Hayo ni magendo ya ushawishi, na hayana maisha marefu. Mwanahabari aliyenunuliwa nawe leo atanunuliwa na hasimu wako kesho kwa bei ya juu zaidi. Uhusiano wa kitaaluma una alama tatu za kuutambulisha. Unaweza kuanikwa hadharani bila aibu. Unamfaa yule mwingine pia, si wewe tu. Na unadumu hata pale unapompa habari asizozipenda. Kujuana hakuna hata moja kati ya alama hizo.

Afisa kijana aliyeajiriwa leo na kiwanda, hospitali au chuo katika eneo kama Webuye afanye nini basi? Kwanza, atembee. Awajue walimu wakuu wa shule zilizo karibu, wachungaji na maimamu, machifu na manaibu wao, viongozi wa wahudumu wa bodaboda, wanawake wanaouza mboga sokoni, na wale wanaoishi upande unaoelekea upepo. Awe na daftari lenye majina, malalamiko na tarehe za majibu. Pili, awaendee watu wakati hana shida nao. Simu inayopigwa wakati wa moto tu huacha kupokelewa. Tatu, asiwahi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumlinda mkuu wake, maana mtaji wake wote ni neno lake. Asipokuwa na ruhusa ya kusema, na aseme kuwa hana ruhusa.

Jukumu la nne ndilo gumu zaidi, na ndilo wengi hulikimbia. Afisa huyu ni daraja, na daraja hupitwa pande zote mbili. Analipwa kuyachukua maneno ya meneja kwenda mtaani. Lakini anafaa kwa kweli pale anapoyarudisha ya mtaani hadi kwenye meza ya meneja, na kumwambia bila kupaka mafuta kuwa watu wanaumia na kwamba kuchapisha taarifa nyingine hakutasaidia. Hapo ndipo cheo chake hupata maana, na hapo pia ndipo kazi yake huweza kuwa hatarini. Mwanafunzi asiyekuwa tayari kumwambia mkubwa habari mbaya afadhali atafute taaluma nyingine mapema.

Sheria nazo zimebadilika, na hazimpi nafasi mwenye kujifungia. Tangu Sheria ya Mazingira ya 1999, miradi mikubwa hudaiwa tathmini ya athari zake kabla ya kuanza, na umma una haki ya kutoa maoni. Katiba ya 2010 imekuweka kushirikishwa kwa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu chake cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, haki iliyofafanuliwa zaidi na sheria ya mwaka 2016. Zamani meneja aliweza kufunga lango akanyamaza. Sasa kunyamaza kwenyewe huweza kumpeleka mahakamani. Lakini nimewaona wengi wakilitimiza takwa la sheria kwa mkutano mmoja wa saa mbili chini ya hema, soda zikigawanywa na karatasi ya mahudhurio ikitiwa sahihi, kisha mambo yakaendelea kama yalivyopangwa. Mkutano wa namna hiyo hauna tofauti na arusi ambayo bibi arusi anaulizwa ridhaa baada ya mahari kuliwa.

Suala hili si la historia tu. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilicho mwendo mfupi kutoka Webuye, kwa kampuni ya West Kenya, pia ya familia ya Rai, kwa muda wa miaka 30. Kiwanda hicho kilikuwa kimelemewa na madeni, wafanyakazi wakidai mishahara na wakulima wakidai malipo ya miwa. Hatua hiyo ilizua upinzani na maandamano. Sina nia ya kuamua hapa kama ukodishaji ulikuwa wa busara kiuchumi. Nasema tu kuwa watu waliodaiwa uvumilivu kwa miaka mingi walikuwa wameambiwa mengi na kuulizwa machache. Miaka 30 ni umri wa kizazi kizima. Mtoto aliyezaliwa Bukembe mwaka huo atakuwa mzazi kabla mkataba haujaisha. Muda kama huo hauwezi kuendeshwa kwa matangazo ya magazetini. Unadai watu wa kukaa na mkulima shambani, wamweleze uzito wa muwa wake ulivyopimwa na kwa nini malipo yamechelewa, na waendelee kufika mwaka wa tano na wa kumi, wakati kamera zimekwishaondoka.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Vyuo vikuu vya Kibabii na Masinde Muliro viko mlangoni petu, na vyote hufundisha uanahabari na mawasiliano. Tusiwapime wanafunzi wetu kwa insha za kuisifu kampuni ya kubuni peke yake. Tuwatume Webuye au Nzoia kwa muhula mmoja, kila mmoja apewe mtaa, na alama zake zitokane na mambo matatu: amewajua watu wangapi kwa kina, amesikia malalamiko gani, na amepata majibu gani kutoka kwa wahusika. Atakayerudi na majina 20 na majibu matatu ya kweli atakuwa amejifunza kuliko aliyekariri nadharia nne.

Na kwako mwanafunzi unayeitamani kazi hii: ulimi wako ni mali, uunoe. Lakini siku kampuni yako itakapopatwa na aibu, waliokusanyika langoni hawatajali umesema vizuri kiasi gani. Watatazama kwanza ni nani anayesema, na kama waliwahi kumwona mitaani kwao kabla ya siku hiyo. Anza kutembea mapema.